Waya Mtupu, Albamu ya Nne

Kibanda changu kiko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
futi sita kwa nane, kompyuta moja, feni inayokohoa.
Najaza nyimbo kwenye memori kadi, mia tano albamu nzima,
na maoni napewa bure, hata nisipoomba.

Walianza wawili, Mbelwa na Kombo.
Walibeba kinasa sauti hadi shambani kwenye mkonge
wakarudi na mngurumo wa korona
(mashine, jamani, kabla jina halijachafuliwa na maradhi),
wakaukatakata, wakaupanga kwa kinanda cha mtumba.
Ikawa albamu ya kwanza: chuma kinatafuna jani,
jani linalia, ngoma ya kompyuta inaitikia.
Semkiwa, aliyekata mkonge miaka kumi na tisa,
alisikiliza wimbo mmoja, akavua hedifoni.
"Mimi nililipwa kuisikia kelele hii. Ninyi mnalipa?"

Ya pili wakamwingiza Mkasi, sauti yake nyembamba
inapita juu ya mtambo kama uzi kwenye tundu la sindano.
Vijana wa Makorora wakasema, sasa ndiyo muziki, unachezeka.
Fundi baiskeli, jirani yangu, akasema wamelainika,
wametia sukari kwenye mchuzi wa pweza.
Aliapa hanunui tena.
Alinunua. Alisema ni ya shemeji yake.

Ya tatu waliirekodi Dar.
Sitaki kusema mengi. Ilikuwa safi,
safi kama sahani za kabatini, za wageni wasiokuja.
Mwalimu Mhina akasema kila kundi lina haki ya kukua;
dada muuza mihogo akauliza, kukua au kunenepa?
Na mimi, niliyewatetea tangu kinanda cha mtumba,
niliirudia mara nne nikitafuta vumbi.
Sikuliona. Nikakasirika
kana kwamba wamehama na kiti changu.

Sasa hii. Imeingia Jumatatu.
Hakuna ngoma. Mkasi hayumo.
Mvumo mmoja mrefu tu, wa mbali,
kama friji ya nyumba ya pili usiku,
na katikati ya wimbo wa tano, kimya.
Sekunde kumi na moja, nimehesabu.
Wateja watatu wamerudisha kadi
wakidai nimewauzia mbovu.
Wameishiwa.
Wamevuta nini hawa?
Huu ni wa kusubiria majibu ya hospitali.
Utauelewa ukizeeka, akasema mmoja,
naye ana miaka ishirini na mbili.

Jana akaja Bi Mwanamgeni, mama yake Kombo.
Alikuja kwa fundi simu, mlango wa pili,
akasikia jina la mwanawe likitukanwa kwangu.
Akaniomba hedifoni. Nikaona haya, nimpe ipi?
"Hiyo hiyo wanayoitukana."
Alisikiliza amesimama, kikapu cha dagaa mkononi,
uso mkavu, kama anasomewa bili ya maji.
Kilipofika kile kimya, aliinua kidole.

"Hapo," akasema,
"ndipo cherehani ya baba yake iliposimama,
akibadilisha uzi."

Kisha mvumo ukarudi, na kidole kikashuka.

Nilitaka kumwuliza kama ameupenda.
Akasema mrefu mno, na kwamba angepiga simu tu ingetosha.
Akatoa mia tano. Nikaikataa.
Akaiacha juu ya kibodi, kwenye herufi ambazo sizitumii,
akaenda zake kabla dagaa hawajaharibika.

Usiku nimeusikiliza ule wimbo, taa nimezima.
Kwangu baba hakuwa na cherehani.
Nimesikia feni.

Leo asubuhi fundi baiskeli amechungulia,
mikono ina grisi, macho yako barabarani.
"Hii ya nne, eti ikoje?"
Nikafungua mdomo, nikaufunga.
"Unauliza kwa ajili yako," nikasema, "au ya shemeji?"